Madoa na milipuko ya jua: mwongozo kamili wa kuyatazama na kuyapiga picha

Somo langu la kwanza la kutazama jua nilipewa na kofia. Nilikuwa nimefunika mdomo wa darubini kwa filta nzuri, nikaikagua mara mbili, nikaketi kuchora. Dakika chache baadaye nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ile darubini ndogo ya kulengea, inayokaa ubavuni mwa darubini kubwa, nilikuwa nimeiacha wazi, na nuru yake ilikuwa imetua kwenye ukingo wa kofia yangu. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nuru hiyo ingetua sentimita chache chini yake, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Kwa hiyo tuanzie hapo.

Macho kwanza

Retina haina neva za maumivu. Mtu anaweza kuiunguza bila kuhisi chochote, akaja kugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana kiwingu. Ndiyo maana hoja ya "nitachungulia kidogo tu" haina maana hapa. Kwa darubini, kidogo kinatosha kukuharibia jicho moja kwa maisha yako yote.

Filta ya jua hukaa mbele ya darubini, kabla nuru haijakusanywa. Iliyo salama kwa jicho ina densiti 5, yaani hupitisha sehemu moja tu ya nuru katika kila 100,000. Zipo pia za densiti 3.8, ambazo hupitisha nuru mara 16 zaidi. Hizo ni za kamera peke yake, na usizitie jicho hata kwa kulenga. Kila siku kabla ya kufunga filta, iinue mbele ya taa kali uitafute tundu au mkwaruzo. Ukiona hata kimoja, itupe. Kisha ifunge kwa utepe wa gundi pande zote, kwa sababu upepo hauombi ruhusa.

Zile filta ndogo nyeusi zinazofungwa kwenye lenzi ya jicho, yaani lenzi ya darubini unayochungulia, ambazo huja ndani ya boksi la darubini nyingi za bei ya chini, zivunje kabla mtoto hajaziona. Hukaa mahali ambapo nuru imeshakusanywa, zikapata moto, zikapasuka ghafla jicho likiwa palepale. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 ni nzuri kwa jicho tupu, lakini usiivae ukachungulia darubini isiyo na filta: joto litaitoboa. Kioo kilichofukizwa moshi, filamu ya eksirei, sidii na miwani ya kawaida ya jua si vya kazi hii.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Wanaopiga picha za usiku hutumia filta nyekundu inayoitwa hidrojeni-alfa kwa ajili ya mawingu ya gesi ya mbali. Jina ni lile lile la filta ya jua nitakayoieleza baadaye, ila hiyo ya usiku haina kinga yoyote dhidi ya jua. Ukiielekeza juani, ni kama hujaweka kitu.

Na ile darubini ndogo ya kulengea, ing'oe kabisa. Mimi huanza nayo kila siku, kabla hata ya kufungua stendi.

Anza na karatasi

Najua umekuja kwa ajili ya picha. Hata hivyo, nakushauri wiki mbili za mwanzo ufanye kazi ya karatasi, kwa sababu anayeruka hatua hii hupiga picha nzuri za kitu asichokijua.

Chukua darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 50 hadi 80. Ikiwa ni kubwa zaidi, kata kadibodi yenye tundu la milimita 50 uifunge mbele. Tumia lenzi ya jicho ya kizamani, ile ambayo vioo vyake havikuunganishwa kwa gundi. Za kisasa gundi yake huyeyuka. Darubini za vioo vya kuakisi na zile zenye bomba fupi lililozibwa zisitumike kwa njia hii, kwani joto hujikusanya ndani na kuharibu sehemu zake.

Hakuna kuchungulia ili kulenga. Tazama kivuli cha bomba chini: kikiwa kirefu hujalenga, kikifupika hadi kubaki duara tu, umelipata jua. Weka karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, karibu urefu wa rula, kisha zungusha fokasi mpaka ukingo wa jua ukatike vizuri. Kadibodi nyingine izunguke bomba ili itie kivuli kwenye karatasi. Isogeze karatasi mbele au nyuma hadi duara la jua lifikie sentimita 15, kipimo wanachokitumia wachoraji wengi wa jua. Na wakati wote huo mtu asiiache darubini peke yake, maana paka na watoto hupenda kuchungulia.

Sasa utaona vidoa. Baadhi ni vumbi. Igonge darubini kwa kidole: kinachotikisika pamoja na jua ni doa la kweli, kinachobaki palepale ni vumbi. Katika siku zangu za mwanzo nilichora "doa" moja siku nne mfululizo, likiwa mahali palepale, hadi nilipofuta lenzi.

Doa kubwa lina kiini cheusi, na kukizunguka kuna utando wa kijivu wenye nyuzinyuzi, kama mboni na duara lake. Weusi huo ni wa kulinganisha tu. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na kiini cha doa kiko kati ya 3,500 na 4,000. Lingetolewa peke yake na kuwekwa angani usiku, doa hilo lingeng'aa. Kinachopunguza joto ni sumaku. Mwaka 1908 mwanaastronomia George Ellery Hale, akiwa kituo cha Mount Wilson huko Marekani, alionyesha kwamba ndani ya madoa kuna nguvu kubwa ya sumaku, nayo ndiyo inayozuia gesi ya moto kupanda kutoka chini.

Kwenye mchoro wako wa sentimita 15, Dunia ingekuwa na upana wa milimita 1.4. Bandika punje ya ulezi pembeni mwa karatasi. Utakuwa ukiitazama kila unapochora, na siku kundi kubwa la madoa litakapotokea, utahesabu wewe mwenyewe ni punje ngapi za ulezi zingeenea ndani yake.

Kujua upande upi ni upi

Mchoro au picha isiyo na mwelekeo haimsaidii mtu. Zima mota ya stendi, uliache jua lijiendee. Litahama upana wake mzima kwa dakika mbili hivi. Ukingo unaotangulia ni wa magharibi. Fuata doa moja kwa penseli linavyosafiri, na mstari huo ndio mashariki-magharibi yako. Kisha isukume darubini kidogo kuelekea kaskazini ya anga: ukingo unaotangulia kutoka nje ni wa kusini. Fanya hivi kila siku, kwa sababu kila kioo unachoongeza njiani kinaweza kugeuza picha.

Kuhesabu

Mwanaastronomia Rudolf Wolf alituachia kanuni katikati ya karne ya 19 inayotumika hadi leo. Hesabu makundi, zidisha kwa 10, ongeza idadi ya madoa yote. Makundi 3 yenye jumla ya madoa 11 yanakupa 41. Doa moja la pekee ni 11, kwa kuwa nalo ni kundi. Utasita mara nyingi: je, haya ni makundi mawili au moja lililonyooka? Amua, andika, na kesho uamue kwa mtindo uleule. Kituo cha SILSO cha Brussels hukusanya hesabu za watazamaji wa sehemu nyingi duniani, wakiwamo wasio na taaluma, na kila mmoja hupewa kizidishi kinachosawazisha darubini yake na macho yake. Anayehesabu vibaya kwa namna ileile kila siku ana manufaa kuliko anayebadilika-badilika.

Kamera na nuru nyeupe

Kwa kamera ya kawaida yenye lenzi ndefu, kanuni ya kukumbuka ni hii: upana wa jua kwenye kihisi cha kamera ni urefu wa fokasi ukigawanya kwa 110. Lenzi ya milimita 400 inakupa jua la milimita 3.6, ambalo ni dogo lakini madoa makubwa yataonekana. Milimita 1,000 inakupa 9, na hapo mambo huanza kunoga.

Filta ya densiti 5 iwe mbele ya lenzi. Weka kila kitu kwa mkono: ISO 100, tundu f/8, kasi ya shata 1/400, kisha panda na kushuka kutoka hapo mpaka jua liwe angavu bila kupoteza ukingo. Zima fokasi ya kujiendesha. Kuza picha kwenye skrini na ulenge fokasi kwenye mpaka wa kiini cheusi cha doa, usilenge ukingo wa jua ambao huchezacheza. Jifunike kichwa na kamera kwa kitambaa cheusi, la sivyo hutaona skrini. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Piga 50, ubakize mbili.

Mbona 50? Kwa sababu hewa haitulii. Inachemka juu ya ardhi iliyopata moto, na picha hukunjuka na kutulia kwa kupokezana. Saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, kabla ardhi haijapata joto, ndio wakati wangu. Nyasi au maji mbele yako ni bora kuliko lami, na paa la bati ni mahali pabaya kuliko pote. Nimeona darubini ndogo ya milimita 70 juu ya nyasi asubuhi ikiishinda ya milimita 150 iliyowekwa kwenye saruji saa sita mchana.

Mwenye kamera ndogo ya video, ile ya kupigia sayari, ana njia nzuri zaidi. Chagua ya rangi moja, yaani nyeusi na nyeupe. Ongeza filta ya kijani inayopitisha mawimbi ya karibu nanomita 540 juu ya filta ya usalama, siyo badala yake. Rekodi fremu 1,000 kwa programu ya SharpCap au FireCapture, kila fremu ikichukua milisekunde chache. Programu nyingine, AutoStakkert, itazipanga kwa ubora. Chukua asilimia 10 zilizo bora, izilundike, kisha uinoe picha kwa programu ya ImPPG. Noa kwa adabu. Ukiona duara jeupe limezunguka kiini cha doa, umeshapita kiasi, na hilo duara si jua, ni kompyuta yako.

Ukiwa na kipenyo cha milimita 100 na zaidi, hewa ikitulia, uso wa jua wenyewe utaonyesha chembechembe kama uji unaotokota. Kila chembe ni gesi inayopanda, upana wake karibu kilomita 1,000, na huishi dakika zisizozidi 20. Piga picha mbili kwa tofauti ya nusu saa: hutapata hata chembe moja ya zamani.

Milipuko

Hapa wengi huvunjika moyo, na kosa ni la matarajio. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa kwa njia ileile ya kutupa taswira ya jua, akaona miale miwili ya nuru nyeupe ikiwaka ndani ya kundi. Alikimbia kumtafuta shahidi. Aliporudi, haijapita hata dakika moja, ilikuwa imefifia sana. Tukio zima lilichukua kama dakika tano. Saa 17 na ushei baadaye dhoruba ya sumaku iliifikia Dunia na mitambo ya telegrafu ikavurugika. Mlipuko unaoonekana kwa nuru nyeupe, yaani nuru ya kawaida ya jua isiyochaguliwa rangi moja, ni nadra kiasi hicho. Unaweza kutazama miaka mingi usiuone.

Kwa milipuko unahitaji filta ya hidrojeni-alfa ya jua. Huchagua mstari mmoja mwekundu wa nuru ya hidrojeni, nanomita 656.28, na kupitisha upana usiofikia hata nanomita 0.1. Mara nyingi hununuliwa kama darubini kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya jua tu. Si rahisi kuipata, na simlaumu anayebaki na nuru nyeupe. Ila ukichungulia mara moja ukaona ndimi za gesi zimesimama ukingoni, utaelewa kwa nini watu hujinyima kwa ajili yake.

Darubini hii ina gurudumu la kurekebisha mstari. Lizungushe taratibu: kuna mahali ambapo jua ni duara jekundu lisilo na kitu, kisha nyuzi nyeusi zinajitokeza juu ya uso, zinakolea, halafu zinafifia tena. Simama pale zinapokolea. Nyuzi hizo na ndimi za ukingoni ni kitu kimoja, tofauti ni kilicho nyuma yake.

Mlipuko huanza kama alama inayong'aa ndani ya kundi la madoa. Kwa dakika chache hukua, mara nyingi ukawa mikanda miwili inayokwenda sambamba, kisha hufifia kwa makumi ya dakika au saa nzima. Ukubwa wake hupimwa kwa eksirei na setilaiti za GOES: A, B, C, M na X, kila herufi ikiwa mara 10 ya iliyotangulia. Kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA, shirika la serikali ya Marekani, huonyesha mchoro wa eksirei hizo unaosasishwa kila dakika, bure.

Ushauri wangu: usiungoje mchoro huo ukuamshe. Nuru ya mlipuko na eksirei zake hufika pamoja, dakika nane na sekunde 20 baada ya kutoka. Simu ikishalia, mwanzo umekwisha kupita, na mwanzo ndio mtamu. Lazima uwe tayari unarekodi.

Kwa hiyo chagua kundi, na ukae nalo. Chagua kubwa, linalobadilika umbo kutoka jana hadi leo, lenye viini kadhaa vilivyobanana ndani ya utando mmoja. Picha za sumaku za SDO, setilaiti ya NASA inayotazama jua, zitakuonyesha kama ncha mbili za sumaku, nyeupe na nyeusi, zimechanganyikana. Zikichanganyikana, kaa hapohapo. Kundi namba 3664 la Mei 2024 lilikuwa la namna hiyo. Lilionekana bila darubini, kwa miwani ya kupatwa tu, na milipuko yake ndiyo iliyoleta dhoruba ya sumaku ya tarehe 10 na 11. Siku chache baadaye, tarehe 14, likiwa ukingoni magharibi, lilitoa mlipuko wa X8.7.

Kabla ya kurekodi asubuhi nzima, piga hesabu ya diski. Fremu 1,000 za megapikseli 2 kwa biti 8 ni gigabaiti 2. Ukirekodi mara moja kila dakika kwa saa mbili, hizo ni gigabaiti 240, na kompyuta yako itasalimu amri kabla yako. Kata eneo la picha libaki kundi lako tu, pikseli 800 kwa 600, fremu 300 kila mara: megabaiti 144 tu, na saa mbili zinatimia kwa gigabaiti 17.

Zima urekebishaji wa mwanga unaojiendesha kwenye kamera. Weka uso mtulivu wa jua kwenye nusu ya histogramu, ule mchoro wa mwangaza kwenye skrini, usiupandishe hadi juu, ili mlipuko ukija upate nafasi ya kung'aa. Picha nyingi za milipuko zina dongo jeupe lisilo na undani kwa sababu mpigaji hakuuachia nafasi. Ukiona mistari ya duara kama pete za mti inakatiza picha, inamisha kamera kidogo kwa kiunganishi cha kuinamisha. Ili kufuta vumbi, rekodi fremu za katikati ya jua ukiwa umevuruga fokasi kabisa, na programu itazitumia kusawazisha. Saa ya kompyuta isawazishwe hadi sekunde, na uandike kwa UTC, saa ya kimataifa. Hakikisha umeme unatosha: mlipuko mzuri kuliko yote niliyokaribia kuupata ulitokea nikiwa ndani nikitafuta waya wa chaji.

Rangi ya chungwa unayoiona kwenye picha za watu ni ya kupaka. Kamera ilitoa kijivu. Hakuna ubaya, ila andika chini ya picha ulichofanya.

Siku za mawingu nazo zina mchezo wake. Mlipuko hubadilisha tabaka la chini la ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme, na redio ya kupokea mawimbi marefu sana, ya kilohetsi 15 hadi 30, huona nguvu ya kituo cha mbali ikiruka ghafla. Antena ni fremu ya mbao iliyozungushiwa waya. Wapo wanaofuatilia milipuko miaka yote bila darubini.

Daftari

Tarehe, saa ya UTC, kifaa, filta, hali ya hewa kwa alama 1 hadi 5, makundi, madoa. Mstari mmoja unatosha. Siku isiyo na doa nayo iandikwe, sifuri kamili. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau, alianza mwaka 1826 akitafuta sayari aliyodhani iko ndani ya njia ya Utaridi. Sayari hakuipata. Alichokuwa nacho ni daftari lenye siku za madoa na siku za sifuri, na mwaka 1843 aliyatangaza yale yaliyokuwa yamejificha humo: madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka kumi, ambao leo tunaukadiria kuwa 11. Kilele cha mzunguko wa sasa, wa 25, kilikuwa mwishoni mwa 2024, kwa hiyo katika miaka ya kushuka jiandae kwa sifuri nyingi.

Kundi hupita upande wetu wa jua kwa siku 13 hivi, kisha huzunguka nyuma. Likipotelea magharibi, weka alama kwenye daftari na uhesabu wiki mbili. Siku hiyo tazama ukingo wa mashariki, kwenye latitudo ileile. Kabla ya doa lenyewe, utaona mabaka meupe yaliyokunjamana ukingoni, na kwenye hidrojeni-alfa pengine ulimi wa gesi unaotokeza. Likiwa bado hai, litapewa namba mpya, kama 3664 lilivyorudi likiitwa 3697. Andika zote mbili kwenye mstari mmoja.